Kingo Nyeupe za Mzee Gundi

Mzee Gundi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Jina hilo alipewa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, maana kila wakipeana mkono viganja vinagandana. "Shemeji, kuachana na wewe mpaka maji ya moto!" Naye mzee hakulaza damu, akamwita Bi Kimya. Huyo mama ndiye aliyeitunza maktaba, kazi yake kuwanyamazisha watu, na kumbe mdomo wake mwenyewe ni cherehani isiyoishiwa uzi.

Sasa yaliyowakuta ni haya. Mvua ilibomoa paa la maktaba, upande wote wa madirishani. Mkubwa wa ofisi akaja, akatazama juu, akatazama saa yake, akasema mpaka paa litakapotengenezwa vitabu vitakaa kwenye kabati moja la chuma pale koridoni. Kitakachoingia kimeingia. Kisichoingia, Jumamosi lori la kiwanda cha karatasi litakibeba kikasagwe.

Kabati moja! Na vile vitabu vinene vya elimu ya kila kitu, ukikibeba kimoja mgongo unakuuliza umekukosea nini. Bi Kimya akalia, halafu akapangusa macho, akaenda kwa shemeji yake na toroli limejaa.

"Vizima hatuviwezi," akasema. "Tuvifungue. Tutunze sehemu zinazosomwa, kila moja uishone iwe kijitabu. Zisizosomwa ziende zake."

"Utazijuaje?"

Akakilaza kitabu ubavu, akamwonyesha ukingo wa kurasa. Hapa peupe, hapa peusi, hapa pamekuwa kama kucha za mvuta tumbaku.

"Uchafu, shemeji. Vidole havisemi uongo. Palipo peusi ndipo panaposomwa. Wewe toa majalada tu. Mimi nakwenda kumbembeleza mkubwa atuongezee kabati, nikirudi nachagua."

"Majalada tu," akaitikia Mzee Gundi.

Na majalada akayatoa. Lakini mkono uliozoea kazi hauna masikio. Tangu ujana wake hakuna kitabu kilichotoka mezani kwake na ukingo mchafu. Kwake ilikuwa sawa na kinyozi kumwachia mtu nusu ya ndevu. Huku anapiga mluzi, huku analiwaza goti lake linalouma, akaviweka kimoja kimoja kwenye mashine ya kukatia, akashusha mpini. Kwaa! Ukingo mweupe kama meno ya mtoto. Akavipanga mezani, roho yake kwatu.

Bi Kimya akarudi, kabati la pili hakupewa. Akaiona meza. Siku hiyo jina lake likamfaa kwa mara ya kwanza. Alisimama pale mpaka mzee akaogopa.

"Shemeji," akasema mwishowe, "uchafu uko wapi?"

"Nime..." Mzee Gundi akaigeukia mashine ya kukatia. "Yarabi! Vipande vipo, nimevitia kwenye debe!"

Akachechemea mpaka uani. Debe tupu. Mkewe kainama jikoni, moto unawaka vizuri.

"Leo umeniletea karatasi nzuri, mume wangu. Zimeshika mara moja!"

"Dada, umepikia maktaba!" Bi Kimya akapiga ukelele. "Haya, pakua. Labda tutashiba elimu."

Wakacheka, ila kicheko kikafia njiani. Jumamosi ni keshokutwa. Mzee Gundi hakugusa chakula. Alijiona kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzie akamwangusha.

"Uchafu nimeukata mimi," akasema. "Lakini vidole sijavikata. Vidole viko na wenyewe mitaani. Tuwaite."

Ijumaa asubuhi wakatoa mabenchi ya maktaba nje, wakavifungua vile vitabu sehemu sehemu, wakazitandaza juani. Bi Kimya akasimama getini akiita, na sauti unaijua. Watu wakaja. Fundi baiskeli alitoka moja kwa moja kazini, grisi mpaka kwenye viwiko. Akaiona sehemu ya magurudumu, akaidaka, kisha akashtuka: dole gumba limebaki kwenye ukingo mweupe. Akaanza kulifuta kwa shati.

"Usifute!" Mzee Gundi akaruka. "Bandika na lingine hapo, mwanangu!"

Watu wakatazamana. Mzee huyu, aliyewahi kumfokea mtu kwa tone la jasho! Akaja mfuga kuku, akaja fundi wa rangi, akaja mpishi wa shule na unga wake viganjani. Kufika adhuhuri kingo zilikuwa zimerudia hali yake, na Bi Kimya anazikusanya huku anaimba. Zilizobaki nyeupe anazitia guniani.

Pembeni alikaa mshonaji, mama wa makamo, na sehemu ya nyota mapajani. Alipoirudisha ilikuwa nyeupe vilevile. Bi Kimya akaichukua, guniani.

"Hiyo mnaitupa?"

"Haisomwi, mama. Hata kabla ya kukatwa ilikuwa safi, naikumbuka."

"Haisomwi? Mume wangu ni mlinzi wa usiku. Akirudi ananiuliza, nyota ile iliyokuwa juu ya paa ni ipi? Nakuja kuitafuta humu. Ila mimi nashona magauni ya maharusi, sigusi kitu bila kunawa. Nitawachafulia vipi kitabu?"

Bi Kimya akakaa chini. Akalitazama gunia, akamtazama shemeji yake.

"Usingekata, ningeitupa. Na usingizi ningelala."

"Ndiyo maana huwa nakata," akasema Mzee Gundi, kifua mbele.

"Hebu nyamaza, wewe!"

Lakini alikuwa anacheka. Akalimwaga gunia lote tena kwenye benchi, na sasa hakutazama mikono ya mtu. Aliuliza kwa mdomo: wewe unapenda ipi? Na wewe?

Kabati likajaa mpaka mlango ukafungwa kwa goti la Mzee Gundi, lile bovu. Sehemu bado zimebaki. Mshonaji akazifunga nyota zake kwenye kitambaa cheupe. "Nitakaa nazo mpaka paa lipone." Wengine wakamfuata, kila mtu na yake kwapani. Zilizokosa mwenyewe Mzee Gundi akazisukuma chini ya kitanda chake.

"Na hizi nipikie?" mkewe akauliza.

"Thubutu!"

Jumamosi lori likaja. Dereva akafungua magunia, akapekua, akakuna kichwa.

"Mzee, mbona mmenipa hivi? Karatasi ziko wapi? Humu kuna nini?"

"Majalada tu," akasema Mzee Gundi.