Aliyemwingiza Enid Sinema

Filamu ile ya mauaji haikuruhusiwa kwa mtoto asiye na mtu mzima, kwa hiyo Jumamosi mchana watoto wa mji wa Oldham, Uingereza, walijipanga mlangoni pa sinema wakiwaomba watu wasiowajua wawaingize. Hakuna mzazi aliyeona ubaya wowote. Enid Ormerod, wa miaka tisa, peni zake sita za kiingilio mkononi, alivuta koti la bwana mmoja aliyekuwa na mwanamke kando yake.

"Bwana, tafadhali niingize."

Bwana akageuka. Alikuwa baba yake, Wilfred, ambaye nyumbani walijua yuko uwanjani anatazama mpira.

Mwanamke yule alikuwa Bi Pickup wa duka la viatu, na shingoni alijifunga skafu ya hariri ya kijani. Enid aliijua skafu hiyo kuliko alivyozijua sala zake. Ilikuwa ya mama. Ilipotea wiki mbili nyuma, na Enid ndiye aliyechapwa kwa kuipoteza. Siku hiyo baba alikuwa palepale nyuma ya gazeti lake, akitikisa kichwa kuwasikitikia watoto wa siku hizi.

"Hujaniona," baba alinong'ona. "Niahidi."

Enid aliahidi, akanunuliwa aiskrimu. Ahadi ni deni, lakini aiskrimu ile aliila kwa hasira.

Ndani walimweka katikati. Kwenye filamu, watu wa jumba kubwa waliuana kwa adabu sana. Kila maiti ilipopatikana, mtu alichemsha chai. Mpelelezi aliwahoji wote isipokuwa mtoto wa mpishi, aliyeona kila kitu, na Enid alimdharau mpelelezi huyo kwa moyo wake wote. Baba naye hakufunga mdomo. Alimweleza Bi Pickup bastola ile ni ya aina gani, na kwamba polisi wa kweli hashiki taa namna ile. Wilfred Ormerod alikuwa mtu wa kumsahihisha kasisi katikati ya mahubiri. Yalikuwa maradhi, na aliyaita elimu.

Jioni, mezani, mama aliuliza filamu ilikuwaje. Ilikuwa imeanza kuonyeshwa siku hiyohiyo, naye alikuwa na hamu nayo. Enid alisema aliingizwa na bwana mmoja. Baba akajishughulisha na miiba ya samaki wake.

"Haya, nani aliua?" mama akauliza.

Enid alimega mkate bila haraka. "Daktari. Alitia sumu kwenye chai."

Baba aliacha kutafuna, kisha akaanza tena. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Halafu akajirusha kutoka dirishani," Enid aliendelea, "na mpelelezi akamwoa mpishi."

"Daktari gani?" baba alifoka. "Ni mke wa kasisi! Sumu ilikuwa kwenye jemu, na hakuna mtu aliyeoa mtu!"

Mama alishusha kikombe chake taratibu. Alimtazama Enid kwanza, akamtazama vizuri, kisha akamgeukia mumewe.

"Kumbe hukuwa mpirani. Nami nilimchapa mtoto huyu," alisema. "Skafu yangu anaivaa nani, Wilfred?"

Baba alimgeukia Enid, macho yakiomba msaada. Enid alitazama sahani yake. Alikuwa ameahidi kwamba hajamwona, na hata sasa hakumwona.