Kitabu cha Visima

Kila mwaka, mkutubi wa chuo aliwapa wanafunzi wapya zoezi lilelile: watafute kitabu fulani cha historia ya visima. Kitabu chenyewe hakikuwepo. Jina lake alilitunga yeye, na la mwandishi pia, na alichotaka ni warudi mikono mitupu waseme hawakukiona. Wapi! Walileta muhtasari, tena wenye namba za kurasa. Mmoja aliapa kwamba kilimtoa machozi. Mama wa watu hakugomba. Aliwaambia tu kuwa amewapiga changa la macho, na kwamba mtu hutaja alichokisoma.

Mwaka huu msichana mmoja alisimama kifua mbele. "Kipo, mama. Nimefuata chanzo hatua kwa hatua, kama ulivyotufundisha."

Akaweka mezani tasnifu ya mhitimu wa zamani, iliyotoka rafu za humuhumu maktabani. Ilikuwa imekinukuu kitabu cha visima mara mbili. Mkutubi akafungua ukurasa wa shukrani. Mhitimu alimshukuru Mungu, mama yake mzazi, na mkutubi aliyemfundisha kutafiti.