Wali na Boga, Bila Chumvi

Kila asubuhi, kabla ya kupiga pasi shati la mumewe, mke wa fundi saa alibandika jikoni sufuria ndogo yenye mfuniko uliobonyea. Alichemsha wali na boga bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Chakula hicho kilikuwa cha watu wawili, kama mbwa tunamhesabu mtu, na katika nyumba ile alihesabiwa. Wa kwanza alikuwa mama mkwe, aliyekaa chumba cha nyuma na ambaye tumbo lake lilikuwa limekataa viungo tangu azeeke. Wa pili alikuwa Mheshimiwa, mbwa ambaye tumbo lake lilikuwa limekataa karibu kila kitu.

Mheshimiwa hakuwa mbwa wa makuu. Fundi saa alimwokota nyuma ya duka lake akiwa mdogo, analowa mvua, na jina alipewa kwa mzaha kwa ajili ya kitambi. Shida yake ilikuwa mzio. Akila kuku, aliota manyoya ya kuku shingoni, akajikuna mpaka yakatapakaa sebuleni. Akila samaki, alitoka magamba nyuma ya masikio. Nyama ya ng'ombe ilimpa pembe mbili ndogo, akawa hawezi tena kulala chini ya meza bila kuikwaruza. Na kila mara aliharisha, jambo ambalo ndilo hasa lililowakera wenyeji, kwa sababu zulia lilikuwa jipya.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke wa mikono mipana na maneno machache. Alichomoa unyoya mmoja shingoni mwa Mheshimiwa, akautazama kwenye mwanga, kisha akautumia kusafishia sikio lake mwenyewe.

"Kuku huyo," akasema. "Mbwa wengine hutoka vipele. Huyu hutoka kile alichokula. Mwondoleeni vyote, mbakizieni kimoja tu kinachomkubali."

"Mama anakula wali na boga," mke akasema.

"Basi naye ale wali na boga."

Hivyo ndivyo sufuria ilivyopata wenyewe wawili. Haikubadilishwa, kwa kuwa ilionekana kutosha. Mke alipeleka sahani chumba cha nyuma, bibi akala vijiko vichache, akasikia kucha za Mheshimiwa zikigonga sakafu mlangoni, akaisukuma sahani.

"Nimeshiba, mwanangu. Mpe mwenzangu."

Bibi alikuwa wa kizazi kilichofunzwa kwamba mtu mzima hatangazi njaa yake mbele ya anayemlisha. Mke naye alikuwa amefunzwa kutobishana na mkwe. Baina ya adabu hizo mbili, sahani ikawa inatoka karibu imejaa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na katika nyumba ile kata alikuwa mke, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mheshimiwa alipona. Pembe zilianguka zenyewe, zulia likapumua, na manyoya yake mwenyewe yakang'aa hata wapita njia wakauliza anaogeshwa kwa sabuni gani. Bibi akawa mwepesi. Dirisha likifunguliwa, upepo ulimwinua kidogo kitini, naye akashika mikono ya kiti akingoja utulie. Fundi saa alimpenda mama yake, na alikuwa na dawa ya kila kitu kinachoning'inia. Alimletea vyuma viwili vya saa kubwa ya ukutani, vile vizito vinavyovuta mnyororo, akamtia kimoja katika kila mfuko wa gauni.

"Sasa huendi popote, Mama."

"Ahsante, mwanangu. Vimekaa sawa."

Wakati huohuo Mheshimiwa aliota mvi, zikajigawa zenyewe katikati ya kichwa. Akaanza kukaa kwenye kiti, miguu ya mbele ameipishanisha, akikohoa kidogo kabla ya kubweka kama anayeomba ruhusa. Mtu aliyekwisha kumwona na pembe hashtuki kwa mvi.

Jioni moja akaimba. Fundi saa alikuwa mezani na lenzi jichoni, anakaza skrubu ndogo kuliko punje ya haradali, aliposikia sauti ya mama yake. Haikuwa sauti yake ya siku hizi, nyembamba, ya kuomba mlango urudishwe. Ilikuwa ya zamani, ya mama mwenye mikono yenye unga na watoto wawili wa kulaza. *Kipande kalala, Tone kalala, na taa yetu ilale.* Kipande alikuwa yeye. Tone alikuwa mdogo wake, aliyekufa kabla hajajua kutembea, na ambaye jina lake halikuwa limetajwa tena na mtu yeyote duniani. Mheshimiwa alilitaja kwa upole, macho ameyafumba. Saa zote za ukutani zikaacha kugonga ili zisikie. Skrubu ilimponyoka fundi saa, naye hakuitafuta. Alilia kwa furaha, kwa sauti, bila kujifuta.

Habari haina miguu lakini hutembea. Muuza mkaa wa kona alikuja na kigoda chake, akasema, "Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni," kisha akaomba asogezewe nafasi, hapo alipo hasikii vizuri. Majirani walileta watoto wasiolala. Watu wazima walisimama kando ya zulia wamevua viatu, na wimbo ulipofika kwa Tone, hata waliokuwa hawamjui waliinamisha vichwa. Nyumba ile haikuwahi kupendwa vile.

Daktari alipokuja kuangalia mzio, alichomoa unywele mweupe mmoja, akautazama kwenye mwanga. Safari hii hakusafisha sikio.

"Huyu ni bibi," akasema. "Yuko wapi?"

Alipelekwa chumba cha nyuma. Alimsalimu bibi, shikamoo, marahaba, akamwinua kwa mkono mmoja, vyuma vikiwa mfukoni, akamrudisha kitini taratibu sana.

"Mnamlisha mbwa bibi," akawaambia sebuleni. "Nunueni sufuria kubwa. Kila mtu apikiwe chake."

"Na ataendelea kuimba?" fundi saa akauliza.

"Pembe si zilianguka?"

Sufuria kubwa ilinunuliwa siku ileile. Mheshimiwa akapewa chakula chake uani, na bibi, kwa kukosa kusikia kucha mlangoni, akala sahani yake yote, akakomba boga kwa kidole. Baada ya muda alivitoa vyuma mfukoni, akavipanga dirishani kama mapambo. Mke alipoviona alisimama hapo na ufagio mkononi, moyo wake ukawa mweupe.

Mvi za Mheshimiwa zilipukutika. Akabweka kama mbwa. Majirani walikuja, wakasikiliza kubweka, wakabeba vigoda vyao. Fundi saa alikaa mbele ya mbwa jioni nzima, lenzi jichoni, akingoja.

"Si ukamwombe Mama mwenyewe akuimbie?" mke akamwambia. "Yuko hapo nyuma ya ukuta."

"Mama amezeeka. Hana sauti tena."

Hakuwa amemuuliza.

Kesho yake fundi saa mwenyewe alimpelekea mama yake chakula, jambo lililomfurahisha bibi mno, na Mheshimiwa akafuata nyuma, kucha zikigonga sakafu. Bibi alikula vijiko viwili, akamtazama mwanawe, akamtazama mbwa.

"Umeshiba, Mama?"

"Nimeshiba, mwanangu."

Alichukua sahani, akampa Mheshimiwa. Kabla ya kutoka alivitwaa vyuma dirishani, akavirudisha mifukoni mwa mama yake, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa fundi.

Mvi zilirudi, na wimbo ukarudi. Vigoda vilijaa sebule mpaka barazani, na mke akawa anaosha sufuria mbili, moja, ile ya mbwa, haijaguswa. Jioni ya kwanza fundi saa alisikia mama yake akimwita, akaenda, akasimama mlangoni.

"Nani huyo anaimba?"

"Mheshimiwa, Mama."

Bibi alisikiliza. Midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno, bila sauti.

"Anaimba vizuri," akasema. "Ameshakula?"

"Ameshakula."

"Basi vizuri."

Fundi saa alimrudishia mlango kwa sababu ya upepo, akaharakisha kwenda sebuleni, asije akapitwa na mahali pa Tone.