Hisa za Profesa

Kaka yangu hajawahi kufundisha hata chekechea, lakini nyumbani tunamwita Profesa kwa sababu hakuna jambo asilolijua. Nikisema kaskazini, yeye lazima aende kusini. Nilimwambia asinunue gari fulani, akalinunua, likamfia wiki ya tatu. Nataka mlijue hilo kabla sijasema nilichofanya.

Baba alipofariki, Profesa alikwenda kwa wakili akaandika kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja. Nyumba ikauzwa. Mimi nilijua siku nilipokuta mtu nisiyemfahamu anapaka rangi sebule ya baba, akaniuliza namtafuta nani. Ni miaka tisa sasa. Wengine husamehe, mimi nilisubiri.

Mwaka jana akastaafu, akalipwa kiinua mgongo. Mkewe alitaka kiwanja. Miaka thelathini wanaishi nyumba za kupanga, na mwenye kiwanja alikubali kumsubiri hadi mwisho wa mwezi. Jumapili moja wifi alituandalia chai, kisha akatoka kwenda kumbembeleza mwenye kiwanja asiuze. Hapo Profesa akatueleza, mimi na mjomba, mpango wake yeye: fedha zote zinunue hisa za kampuni kubwa kuliko zote ya vifaa vya mtandao, zile ruta na swichi ninazozifunga kila siku, mwaka wa kumi na nane huu.

"Hisa imepanda mara tatu kwa miaka miwili," alisema. "Kila benki, kila hospitali inanunua kwao."

"Imepanda mno," nikasema. "Kwa bei hiyo unalipia faida ya miaka hamsini. Na wewe una sitini na moja."

Mjomba alicheka hadi akamwaga chai. Profesa hakucheka.

"Wewe kazi yako kupanda ngazi na kuvuta nyaya. Mambo ya hisa umeyajulia wapi?"

"Stoo."

Nikamweleza. Wakati wa uhaba, ukiagiza swichi unangoja mwaka mzima. Kwa hiyo kila ofisi iliagiza mara mbili, mara tatu, kwa mawakala tofauti, ikiomba walau mzigo mmoja ufike. Ikafika yote. Stoo ninazoingia zimejaa masanduku hadi darini, plastiki haijatolewa, na kampuni imeshayahesabu kuwa mauzo.

"Watakaa miaka miwili bila kuagiza tena," nikamwambia. "Hapo bei itaanguka."

Nilisema taratibu, nikimtazama machoni, na kila neno lilikuwa kweli. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyokaza shingo, na moyoni nikawa nashangilia. Kama ningetaka anunue kiwanja, ningezisifia zile hisa tu.

"Wivu," alisema. "Wiki hii nanunua. Zote."

"Mimi nimesema. Mjomba shahidi."

Miezi mitano baadaye kampuni ikatangaza kwamba oda zimepungua. Hisa ikapoteza zaidi ya nusu ya bei yake ndani ya wiki, kisha ikaendelea kushuka. Nilikuwa juu ya ngazi nilipoisikia habari hiyo. Nilishuka, nikanunua soda baridi, nikainywa polepole. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na asiyesikia la mdogo wake huvunjika yote mawili. Nilifurahi, siwadanganyi. Nilifurahi hadi nikaamua kwenda kumtazama.

Profesa alikuwa amejifungia chumbani. Wifi alikuwa jikoni anafunga vikombe kwa magazeti, wanahamia chumba kimoja. Kiwanja kilikwisha kuuzwa kwa mtu mwingine.

"Pole, wifi," nikasema. "Nilimwambia. Mjomba shahidi."

"Ulimwambia yeye." Hakuinua macho. "Akaunti ile ni yetu wote wawili. Bila saini yangu asingetoa hata senti. Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu akaniambia fundi mwenyewe amezikagua hizo hisa na amezikubali. Nikasaini kwa kukuamini wewe."

"Alikudanganya. Ungenipigia simu, wifi."

"Nikupigie ya nini? Ile Jumapili tulikutana pale kona, mimi natoka kwa mwenye kiwanja, wewe unakwenda zako, umejaa tabasamu. Nikakuuliza mmezungumza nini. Unakumbuka ulichonijibu?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemjibu, "Ya kawaida tu, wifi," nikamuuliza habari za kiwanja, akanisimulia mahali atakapoweka jiko, na mimi nikaitikia.

Nilichukua kikombe na gazeti ili nimsaidie. Akakitoa kikombe mkononi mwangu, bila hasira.

"Acha," alisema. "Nitafunga mwenyewe."