Somo la Mheshimiwa

Funguo za ambulensi zilikuwa mfukoni mwangu, lakini ruhusa ya kuitoa ilikuwa kinywani mwa Mheshimiwa Gedion, mwakilishi wetu wa wadi hapa Ishiara. Bila neno lake, hata mgonjwa akate roho, gari lilibaki uani kwake.

Mwalimu Njue aliingia uani akihema. Binti yake Karimi alikuwa amejifungua asubuhi hiyo, damu ilikataa kukoma, na zahanati ilisema akimbizwe hospitali ya Embu.

"Gedion, kijana yangu, saidia Karimi. Anaisha."

Waliokuja kumwomba Mheshimiwa msaada wakatazamana. Jumamosi iliyopita, akiongoza programu ya mazishi, mwalimu alimkaribisha kwa jina tupu: "Gedion, niliyemfundisha darasa la sita." Hakutambua itifaki. Sasa alikuwa amerudia.

Mheshimiwa akaegemea kiti. "Mwalimu, si wewe ndio ulitufundisha Kiswahili? Hebu ambia hawa watu Mheshimiwa ni nini. Na hiyo jina ilitoka wapi."

"Karimi anatoka damu."

"Basi fundisha haraka."

Mzee akavua kofia. Akasema neno lilitokana na heshima, nayo heshima tuliipata kwa Waarabu, na kwao ilikuwa karibu sana na haya. Mwenye haya ndiye aliyeheshimiwa. Akasema cheo hicho mtu hupewa na watu, hajipi mwenyewe.

"Wa nyuma hawasikii. Anza tena."

Tulicheka. Mimi Gachoki, dereva, nilicheka kuliko wote, funguo zikinichoma paja. Nina watoto watatu, lakini sijitetei. Nilikuwa mwoga.

Alirudia mara tatu. Ya mwisho sauti ilimkauka, akapiga magoti kwenye changarawe. "Mheshimiwa, tafadhali."

"Unaona? Ulikuwa unajua," Gedion akasema, kisha akanigeukia. "Peleka."

Tulipofika zahanati, Karimi alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni. Kitoto chake kilikuwa kinalia kwenye kitanda cha pili, na hakuna aliyekuwa amekishika.

Siku ya mazishi, baba wa marehemu alisimama mwenyewe kukaribisha wageni. Alitaja vyeo vyote, taratibu, bila kuruka hata kimoja, na cha mwisho kilikuwa cha Mheshimiwa Gedion.

Gedion akapokea maikrofoni, akamshika mzee bega. "Leo mwalimu wangu amepita mtihani," akasema.

Watu walipiga makofi. Nami nikapiga.