Laini ya Nasambu Kwenye Kopo la Misumari

Nasambu, siku ile mjinga nilikuwa mimi, nakubali kabla hujanicheka. Mwanga wa saa nne ulipenya matundu ya bati lako pale mtaani Gatwekera, ukadondoka sakafuni duara kwa duara, nami nikaona shilingi. Shilingi mpya, zinangoja kuokotwa.

Nilikuwa nimetoka Kawangware kwa miguu, nyundo begani, mkebe wa lami mkononi, kuja kukuzibia paa. Na kwenye kopo langu la misumari, chini kabisa, ilikuwemo laini yako ya simu.

Wewe ndiye uliyenipa. "Wekulo, ficha hii. Nikilia usinipe. Nikikubembeleza usinipe." Miezi mitatu niliilinda kati ya misumari, kama yai.

Maana mtaa unakujua kwa maji. Miaka miwili uliandika kila bomba, kila saa, kila kukauka. Kisha ukaketi, ukaifundisha kompyuta kuukuu kusema kesho maji yatatoka wapi. Wa kwanza wewe, hakuna aliyekutangulia. Leo akina mama wanasoma ujumbe, wanabeba mitungi, wanayakuta. Njambi wa Soweto East anakuita Profesa, na foleni nzima inakupisha.

Lakini mtaa haukujui kwa kile kindege. Kindege cha ule mchezo wa kubeti, kinapanda kwenye simu, kinapanda na pesa yako mgongoni, nawe uitoe kabla hakijatoweka nayo. Ulikipigia hesabu usiku na mchana. Kikala akiba. Kikala kodi ya nyumba. Kikakaribia kuila hata kompyuta yenyewe, na maji ya watu ndani yake. Ndipo ukaing'oa laini ya kubetia, ukanikabidhi.

Na siku ile, mjinga mimi, nikalitikisa kopo, kacha kacha, nikakutania: "Profesa, umeyaweza mabomba yote haya, ushindwe na kindege? Mara moja tu! Tugawane, mimi ninunue nduthi ya kubebea abiria. Ona, hata jua linakumwagia shilingi."

Nikaitoa laini. Nikaiweka kiganjani, katikati ya duara la mwanga. Ikametameta.

Mkono wako ukanyanyuka. Ukaipita laini, ukashika mkebe wa lami, ukanisukumia kifuani.

"Wekulo, hesabu zangu hazijawahi kukosea. Tangu siku ya kwanza zilisema nitapoteza, mimi ndiye nilikataa kusikia. Na hizo si shilingi, ni matundu. Panda uzibe."