Lesi ya Mita Sita

Wateja ndio waliompa jina la Mama Lesi, maana hakuna kitambaa cha meza kilichotoka kwenye cherehani yake bila lesi kukizunguka. Na lesi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimponza kwenye hesabu. Mchoree mstatili, mwambie atafute eneo, mikono itamtangulia: atajumlisha pande zote nne, ukingo hadi ukingo. Mara mbili alikuwa ameanguka mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi kwa tabia hiyo, na huu wa tatu ulikuwa wa mwisho. Mwakani umri wake usingemruhusu tena.

Binti yake alimkalia kooni pale jikoni.

"Mama, unazunguka tena. Eneo ni kitambaa chote. Zidisha."

"Nazidisha. Usinifokee, mimi ndiye niliyekuzaa."

"Ndiyo maana nakufokea."

Walicheka, lakini Mama Lesi alilala akizidisha na kuamka akizidisha, roho juu juu.

Chumba cha mtihani kilimtoa jasho. Pembetatu zilimchanganya, duara akaliacha jeupe kabisa. Akajua wazi kwamba asipopata swali la mwisho, uuguzi ndio basi tena. Akafunua ukurasa. Kitambaa cha meza, urefu mita tatu, upana mita mbili. Maneno yaliyofuata aliyapitia juu juu, hofu imeshamjaa. Zidisha, akajiambia, usizunguke. Tatu mara mbili, sita. Akaandika sita, akapiga mstari chini yake.

Msimamizi alipoivuta karatasi, ndipo jicho la Mama Lesi lilipoangukia mwisho wa swali: fundi anahitaji lesi ya mita ngapi kukizunguka kitambaa hicho?

Kumi. Angejibu hata usingizini. Lesi ya mita sita ingeishia upande wa tatu, wa nne ubaki mtupu. Mama Lesi aliing'ang'ania karatasi, msimamizi akamtazama, naye akaiachia.

Binti alikuwa anamsubiri getini.

"La mwisho lilikuwaje, mama?"

"La lesi, mwanangu."

Binti akapiga makofi, akamkumbatia mbele za watu. "Lesi! Basi tumepita. Hilo huwezi kulikosa wewe."

Mama Lesi alimshika bega, akamwegemea, wakaanza kwenda nyumbani, na njia nzima akamwacha afurahi.